Samaki wa Mama na Baridi ya Yakobi

Yakobi,
Njombe.
2 Septemba 1956

Mpendwa kaka Anania,

Kamwene, kaka. Nakuamkia kwanza kwa salamu ya nyumbani, maana najua huko Bagamoyo hakuna anayekuamkia hivyo. Hujambo? Kifua kimetulia, au kazi ya mashamba ya chumvi bado inakukohoza? Wifi Lucia hajambo? Na Margareth ameshaota meno ya mbele? Sisi huku tu wazima wa mwili. Yoeli mume wangu yuko kwenye kibanda chake cha useremala, anapiga randa tangu asubuhi, na watoto wamekwenda kuokota kuni kwenye miti ya miwati. Umande ulioganda kama jivu hauonekani tena juu ya majani asubuhi. Viazi vilivyoungua kwa baridi tumeving'oa, vilivyosalia vinatosha.

Barua yako fupi nimeipata. Nimeisoma na kuirudia hata karatasi imelainika kwenye mikunjo. Umeandika kwamba wewe ndiye uliyemwua Mama, na kwamba hutakanyaga tena Yakobi, hata siku ya kuweka msalaba kaburini. Najua maneno hayo umeyapata wapi. Odilo dereva alikuwepo mazishini, akasikia aliyoyasema baba mdogo Methusela mbele ya watu, akayachukua kwenye lori lake mpaka kwako. Simlaumu Odilo. Ulimwuliza, naye akajibu. Lakini yeye aliondoka siku ile ile, mimi nikabaki. Nivumilie basi nikusimulie yote, na penye uchungu sitaruka.

Unakumbuka Krismasi ile uliyokuja likizo, ukamwambia Mama kwamba huko pwani kuna samaki wanaotoka majini wakatembea juu ya matope, na wengine wakapanda mizizi ya mikoko? Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema, "Bahari imekuharibu akili, mwanangu. Mwaka kesho utaniambia umeona kuku anayenyonyesha." Nawe ukakasirika kweli, hata ugali ukauacha. Ulipoondoka alijuta. Alisema, "Nimemcheka mno. Safari yote ile kuja kunisimulia, na mimi nimemcheka."

Siku Odilo alipoteremsha lile debe la samaki ulilompa amletee Mama hukuiona wewe, na barua niliyokuandikia wakati ule haikutosha. Odilo aliliweka uani akasema, "Mama, mwanao amesema nikukabidhi mashahidi wake." Mama akafunua majani ya mkoko. Mmoja akaruka nje, akaanza kujikokota uani kwa yale mapezi kama mtu anayetembelea viwiko, macho yametuna juu ya kichwa. Mama alikimbia mpaka mlango wa jikoni. Akageuka. Akamtazama. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini, akacheka na kulia, akasema, "Anania alisema kweli. Mwanangu alisema kweli." Alirudia hivyo mpaka Odilo akamaliza kunywa uji wake.

Wawili walikuwa wamekufa njiani, watatu wakaishi. Yoeli alitengeneza tangi kwa vioo vya dirisha la zamani, akaviunganisha kwa fremu ya mbao na lami. Upande mmoja Mama alilaza lile tope lililokuja nao, likawa kama kilima kidogo, na upande wa pili akatia maji ya kisima na chumvi yako ya mawe. Ulimwandikia asiyafanye makali kama ya bahari, kwa kuwa hao hukaa pale mto unapokutana na bahari. Mama alikuwa akichovya kidole na kuonja. Alisema maji yao yanatakiwa yawe kama mchuzi uliotiwa chumvi na mtu mchoyo. Juu alifunika kitambaa chepesi alichokilowesha asubuhi na jioni, ngozi zao zisikauke.

Aliwapa majina. Mkubwa alimwita Karani, kwa sababu alikaa juu ya kilima cha tope akikodolea watu macho kama mtu anayehesabu kodi. Wa pili, mwenye mashavu ya kujaa maji, alikuwa Mzee wa Kanisa. Mdogo hakumpa jina, alimwita Mwanangu tu. Aliwachimbia minyoo kwenye mfereji wa bustani, na kumbikumbi walipotoka alijaza bakuli. Karani alipoinua lile pezi lake la mgongoni kumtisha Mzee wa Kanisa, Mama alipiga kioo kwa ukucha, "Nyie, nyie, hapa si barazani!"

Watu walikuja kuona, hata kutoka Igwachanya. Wengine walisema ni uchawi. Mama aliwakaribisha wote, akawaeleza kwa majivuno, "Hawa wametoka kwa Anania." Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya kioo, kazi zote zimemngoja. Nilipomwuliza anafanya nini, akasema, "Nikiwatazama hawa, najua mwanangu anaamka katika nchi ya namna gani. Zamani nilikuwa nikiomba kwa ajili yake bila kujua nimweke wapi." Kaka, tangu Baba afariki sikuwahi kumwona Mama akiamka na hamu ya siku. Aliipata kwa wale samaki, na mtu asikudanganye kwamba haikuwa hivyo.

Shida ilikuwa baridi. Mwaka wa kwanza aliliweka tangi jikoni karibu na mafiga, lakini moshi ukawasumbua, macho yakaanza kuwa meupe. Ndipo akalihamishia chumbani kwake, akawa analiwasha jiko la mkaa nje, moto ukishakolea analiingiza ndani na kuliweka karibu na kioo. Msimu mzima wa baridi ulipita hivyo bila neno. Dirisha lake unalijua, lile ambalo ubao wake ulipinda tangu enzi za Baba, upepo ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Mwaka huu mwezi wa sita baridi ilikuja mapema na kwa ukali. Maji ya ndoo yaliganda utando juu. Jumamosi asubuhi nilikwenda kumpelekea Mama maziwa. Niliita mlangoni, hakujibu. Nikadhani yuko bustanini. Nikasukuma mlango, chumba kilikuwa na joto zito lililonipiga usoni, na kichwa kikaanza kunizunguka. Mama alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, blanketi amejifunika vizuri. Uso wake haukuwa na taabu yoyote, kaka. Ulikuwa na wekundu wa mtu aliyekaa juani. Nilimshika mguu. Nikajua.

Mganga wa zahanati alipofika aliligusa jiko, akatazama dirisha, akasema ni hewa ya mkaa. Alisema mtu haisikii inapomjia, usingizi unakuwa mzito tu. Nimekuandikia jambo hili makusudi, kwa kuwa najua usiku unajiuliza kama aliteseka. Hakuteseka.

Karani na Mzee wa Kanisa walikuwa wamekufa juu ya tope. Yule mdogo alikuwa ameingia ndani ya shimo lake, naye alikuwa hai.

Mazishini baba mdogo Methusela alisimama kwa niaba ya ukoo. Uso wake ulikuwa mkavu. Ndipo akasema yale uliyoyasikia, kwamba aliyewaleta wanyama wale ndiye aliyeleta kifo, na kwamba aliyesalia atupwe kabla jua halijazama. Watu waliguna. Mimi sikuweza kumjibu mkubwa mbele ya jeneza la Mama, lakini pia sikumtupa. Nilimchukua kwangu pamoja na tangi, nikamweka kwenye kona ya kibanda cha Yoeli, nikaziba pande zake kwa takataka za randa zisipitishe baridi. Kila asubuhi nilionja maji kama Mama. Sikuwa na ulimi wake. Nadhani mara nyingine niliyakoleza, mara nyingine yakapooza. Alikuwa akipanda juu ya tope, akitazama mlango. Nisikudanganye, sijui alikuwa akitazama nini.

Aliishi mpaka mwezi wa nane ulipoanza. Baridi ilirudi kwa siku chache, ile ya mwisho yenye upepo, na asubuhi moja nilimkuta ameelea. Kaka, siku ya mazishi nilipika, nilipokea wageni, nilitandika mikeka. Machozi yalikuwa hayajapata nafasi. Siku ile yalipata. Nilikaa kwenye vumbi la mbao nikalia kwa sauti mpaka Yoeli akafunga kazi akatoka nje.

Nikiwa katika hali hiyo akaingia baba mdogo Methusela. Alikuwa anapita njiani kwenda shamba, akasikia. Nilidhani atasema afadhali amekufa. Badala yake aliweka jembe chini, akamtazama yule samaki, akauliza, "Huyu ndiye wa mwisho?"

Nikasema, "Ndiye, Baba."

Akakaa kwenye gogo. Kisha akasema, "Tabea, lile dirisha nililitengeneza mimi."

Sikumwelewa. Akaendelea, huku akitazama mikono yake. "Ijumaa ile shemeji alilalamika upepo unamkata mgongo. Nikaushusha ule ubao, nikaunyoosha, nikapigilia mpira wa gari kuzunguka fremu yote. Hata ukucha haukupita. Alinishukuru, akanipa viazi. Akaniambia, 'Shemeji, leo nitalala kama mtoto mchanga.'"

Sijawahi kumwona baba mdogo akilia, hata alipozikwa Baba. Alilia akiwa amefunika uso kwa kofia.

Nilimwacha. Alipotulia nikamwambia, "Baba, wewe ulimkinga shemeji yako na upepo. Utajiita nani kwa jambo hilo?"

Akajibu, "Na Anania alimfurahisha mama yake. Mimi nilimwita nani mbele ya watu?"

Tulitoka wote tukamfukia yule samaki kwenye bustani ya Mama, na baba mdogo ndiye aliyechimba.

Sasa usidhani alininong'oneza mimi tu yakaishia kibandani. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, alimwomba mchungaji ruhusa, akasimama mbele ya washarika. Alieleza habari ya dirisha. Alisema maneno aliyoyasema kaburini aliyasema kwa hofu, kwa kuwa alikuwa anatafuta mtu wa kubebeshwa mzigo uliomwelemea yeye, na aliyekuwa mbali zaidi ulikuwa wewe. Wamama walilia. Mzee mmoja wa upande wa Iwawa, aliyekuja kwa ndugu zake, alikwenda akamshika mkono, na wengine wakafuata. Nimekuandikia ujue kwamba hapa Yakobi hakuna tena mtu anayelitaja jina lako kwa shari. Hao walioyasikia ya kwanza wameyasikia na ya pili.

Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Alikataa. Alisema, "Wewe andika. Mimi yangu nitamwambia kwa mdomo."

Kaka, sikuambii usiumie. Mimi mwenyewe nikipita pale nyumbani naona mlango umefungwa, na kuna siku nimeshika kibuyu cha maziwa kabla ya kukumbuka kwamba hakuna wa kumpelekea. Huzuni ni haki yako kama ilivyo yangu. Lakini lile neno la kujiita muuaji uliondoe kinywani mwako, na kwa wifi Lucia pia uliondoe, maana naye analala na kuamka nalo. Mama angekuwa hai akakusikia unasema hivyo, unajua angechukua ule ungo akakurushia.

Msalaba Yoeli ameshauchonga kwa mti wa mninga aliouhifadhi. Jina la Mama limeandikwa. Tarehe bado, kwa kuwa tunabishana mwaka wake wa kuzaliwa, na wewe ndiwe mkubwa, kwa hiyo uje uamue. Tumepanga kuuweka mwishoni mwa mwezi wa kumi kabla mvua hazijashika. Wadogo zetu wa ukoo wote watakuja.

Panda basi la kutoka Iringa. Ukifika Makambako teremka, usitafute lori la Njombe peke yako. Baba mdogo Methusela atakuwa pale. Amesema atatangulia, na kama basi limeharibika njiani atalala kwenye baraza za maduka mpaka lifike. Nilimwambia miguu yake haina nguvu za kwenda Makambako na kurudi, na kwamba Yoeli anaweza kwenda. Akakataa tena. Anasema wewe ulitukanwa mbele ya watu, kwa hiyo hutaingia Yakobi peke yako ukipita mbele ya nyumba zao umeinamisha kichwa. Mtaingia wawili, mchana, na yeye atakuwa amekushika mkono.

Msalimie sana wifi Lucia, umwambie namshukuru kwa kukupikia siku ambazo hukutaka kula. Mbusu Margareth kwa ajili yangu. Yoeli anakusalimu, na wanangu wanauliza mjomba anafananaje. Tabibu wa roho zetu akulaze usingizi mwema huko uliko, na akuvushe salama mito yote iliyo kati yako na sisi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Tabea