Dakika Nne za Mzee Barnaba Oketch

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Nyamasaria imeamkia manyunyu, mawingu yamelala upande wa ziwa, na matope yameingia na viatu hadi sebuleni. Mwaka umetimia, Baba Griffins, tangu utuage ukiwa umeshika mkono wa mkeo Terry.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulikaza nyuzi za gita kabla ya kunywa chai, hata vidole vilipokuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Ulitengeneza gita la kwaya bila kuombwa, kisha ukaketi benchi la nyuma kana kwamba si wewe. Na Terry alipoanza masomo ya watu wazima akiwa na miaka sitini na minne, ulimngojea kila jioni kwenye lango la shule, mwavuli kwapani. Akitokea, ulimuuliza mbele ya wenzake, "Mwanafunzi, leo mwalimu amekuchapa?" Njia nzima alinuna, njia nzima ulicheka.

Nuha, binti mtafiti wa muziki, alipokuja na kinasa sauti chake, akitafuta wazee waliopiga muziki katika bendi za jazi za Kisumu, Terry hakufurahi. Alidhani nyimbo zile uliziacha siku ulipookoka. Alimwambia binti huyo akuulize habari za kwaya. Nuha alikunywa chai, akashukuru, akauliza habari za bendi. Alikuja mara sita. Alitaka kujua nani alipiga besi, mlisafiri kwa gari gani, mkifika Kericho mlilala wapi, nani aliwashonea mashati. Sisi tuliokula nawe miaka yote hatukuwahi kukuuliza hata moja kati ya hayo.

Siku ya mwisho aliulizia wimbo wa Sondu, ule uliokupa jina. Mlikuwa mkizungumza Kiswahili. Ghafla ukamgeukia Terry, ukaendelea kwa Dholuo, haraka na kwa sauti ya chini, dakika nne. Nuha ni mtoto wa mjini, Dholuo yake ni ya sokoni. Alimwomba Terry amwandikie sehemu hiyo kwa Kiswahili, maana sasa kuandika alikuwa anajua.

Terry aliisikiliza mara nyingi, penseli mkononi. Ulisema wimbo ule haukuwa wako. Aliutunga rafiki yako Waliaula mwaka wa 1976, gari la bendi lilipoharibika karibu na daraja la Sondu, huku akitafuna mahindi ya kuchoma na kugonga mlango wa gari kama ngoma. Siku ya kurekodi kule Nairobi, malaria ilimlaza. Ukapiga sehemu yake kwa kukumbuka tu, na santuri ilipotoka, jina lililochapwa lilikuwa lako. Waliaula hakulalamika. Baada ya miaka miwili akafa. Watu waliendelea kukusifu, nawe ukanyamaza.

Terry aliandika hivi: "Hapa Mzee anaeleza jinsi barabara ya Sondu ilivyokuwa mbovu."

Nuha alisoma, akashangaa. "Mama, dakika nne nzima ni barabara tu?"

"Ilikuwa mbovu sana," Terry akajibu.

Alifanya hivyo kwa kukupenda. Lakini miezi minne baadaye tulikuzika, na mchungaji, ambaye hakujua lolote, akakusifu kaburini kwa wimbo huo huo. Tangu siku hiyo Terry hakuweza kumaliza sala. Kila alipopiga magoti alifika kwenye amri inayokataza ushahidi wa uongo, akakwama hapo.

Mwezi uliopita Nuha alileta karatasi. Mahojiano ya wazee wote yanakwenda kuhifadhiwa katika maktaba, na kila familia ilitakiwa kutia sahihi. Terry alishika kalamu, kisha akairudisha mezani. Nuha alipoondoka, alimweleza mwanao Griffins kila kitu.

"Mama, si uache tu," Griffins akasema. "Hatuna kitu kingine cha Baba. Tukiutoa huo wimbo, anabaki na nini?"

"Baba yako alisema kweli akiwa na miaka themanini na moja," Terry akamwambia. "Hiyo ndiyo yake. Mimi ndiye niliyemnyang'anya."

Hawakusemezana siku tatu. Siku ya nne Griffins mwenyewe akaanza kutafuta namba ya Nanjala, bintiye Waliaula, na alipoipata akampigia.

Nanjala aliwasili jana kutoka Webuye. Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka miwili. Alikuwa na picha yake moja tu, na hakuna aliyewahi kumsimulia habari zake. Nuha, tuliyemwita pia, akawasha kinasa sauti, sauti yako ikajaa sebuleni, na Terry akatafsiri sentensi kwa sentensi bila kuruka. Ulipofika pale Waliaula alipomwambia dereva kwamba gari lake linajua kuimba kuliko kutembea, Nanjala alicheka, halafu akafunika uso kwa mikono. Aliomba kipande hicho kirudiwe.

"Kumbe alikuwa mcheshi," akasema.

Kama Nuha asingeuliza, Baba, ungeondoka na dakika hizo, na Nanjala angebaki na picha yake. Ndiyo maana tunawasihi wote wenye wazee waliopiga muziki: waulizeni wangali wanaketi nanyi mezani, na mnapoandika, andikeni walichosema.

Leo baada ya sala tumesimama kando ya kaburi lako: mkeo Terry, mwanao Griffins na mkewe Akoth, wajukuu zako wanne, dada yako Perpetua, wenzako wa kwaya, na pamoja nao Nuha na Nanjala. Maadamu tunavuta pumzi, hakuna kati yetu atakayekusahau. Kisha Terry alisogea mbele, daftari mkononi, akasema kwa sauti, sote tukisikia:

"Baba Griffins, ukurasa ule nitauandika upya kwa mkono wangu, neno kwa neno ulivyosema, na hapo ndipo nitakapotia sahihi. Na popote wimbo wa Sondu utakapopigwa nikiwepo, nitasimama niseme ni wa Waliaula. Mbele za Mungu, na mbele ya mtoto wake, nimeahidi."