Mpaka Nikuguse Bega

Goma, tarehe 9 mwezi wa tatu 2014

Aksanti mwanangu,

Kuna jambo nimekuficha, nalo limo katika barua zangu zote tangu mwaka juzi. Yote mabaya niliyokuandikia kuhusu ile kamera ni uongo.

Nakusalimu baada ya hilo, kwa sababu ningeanza na salamu ningeishia kwenye salamu. Uko muzima? Baridi ya Namur imepungua? Mimi afya haipo tena. Dokta anaongea na binamu yako Exaucée kwenye korido, na mimi najifanya nimelala.

Ulipoituma uliniomba niipime kama nilivyokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi, bila huruma, ili ujue kama inafaa kumnunulia na Exaucée, apige picha za ndoa na komunyo. Nilikujibu kwamba betri inakufa upesi, flashi inaunguza nyuso, picha zinatoka na ukungu, na ndiyo sababu picha ya Mama haikufikii. Leo najisahihisha mwenyewe. Betri inavumilia ndoa nzima. Nyuso zetu nyeusi inaziona vizuri hata ndani ya nyumba, mradi usiwashe flashi karibu. Juani kioo chake hakionekani, lazima ukikinge kwa kiganja. Ni nyembamba na nyepesi; inaingia mfuko wa shati, na unasahau kwamba unayo. Kosa lake ni moja tu: ukibonyeza, inafikiri kwanza, ndipo inapiga. Asiye na subira anatoka amegeuka. Kwa bei yake ni kitu kizuri.

Mama alikuwa na subira. Unakumbuka, tangu kituo cha mafuta kilipolipuka wakati wa volkano hakusikia tena hata kengele ya misa. Simu haikukufaa kitu, ukataka angalau kumwona. Siku kamera ilipofika aliigeuzageuza. "Papa Aksanti, hii ni mashini ao kipande cha sabuni?" Nikamsimamisha mlangoni. Alikaza mdomo, akashika pumzi, na picha ilipokwisha yeye bado amesimama, maana hakusikia mlio. Nilimwendea nikamgusa bega. Akapumua. "Uniguse kila mara," akasema, "la sivyo utanikuta hapa hata kesho."

Mwanangu, Mama hayupo. Alifariki mwezi wa kumi na moja 2012, kwa homa. Familia ilikaa ikaamua usiambiwe mpaka upate makaratasi ya kukaa huko, usije ukaacha kila kitu na kurudi. Sasa umeyapata. Sina tena pa kujificha.

Papa yako


Namur, tarehe 30 mwezi wa tatu 2014

Papa,

Nakusalimu kwa sababu mulinilea vizuri, wewe na yeye.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi, koti bado mwilini. Nilimpigia Exaucée, akalia tu. Nakupigia wewe, hupokei.

Unajua nilirudi dukani kugombana? Nilimwambia muuzaji: mumeniuzia takataka, papa yangu ni mwalimu, hasemi uongo. Nikakutumia betri ya pili. Krismasi nikamtumia Mama sweta, ukanijibu kwamba limemkaa vizuri. Nani analivaa, Papa?

Halafu homa. Homa gani? Alilazwa wapi? Nani alimshika mkono? Nataka kujua alivyokufa, hilo tu. Na kamera uitume kama ilivyo. Usifute kitu.

Binti yako


Namur, tarehe 4 mwezi wa tano 2014

Papa,

Umeamkaje? Exaucée anasema unakataa hata uji. Jilazimishe kidogo.

Hujanijibu, naye amechoka kunyamaza, usimkasirikie. Anasema siku waasi walipoingia Goma, wewe na Mama mulishika barabara ya Sake pamoja na watu wote. Jioni ulirudi na mwili wake, na damu kwenye koti, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kukuuliza zaidi. Kwa hiyo homa haikuwepo.

Hasira imeniishia, nauliza tu. Mama hakusikia risasi, hakusikia watu. Alikuwa na wewe wa kumsikilizia. Ulikuwa wapi?

Aksanti wako


Goma, tarehe 22 mwezi wa tano 2014

Aksanti,

Salamu zangu ni fupi. Sweta liko kwenye sanduku, halijavaliwa. Kamera anakuletea Padiri Sibomana, anayekuja huko kwa masomo. Sijaiwasha tangu siku ile. Utamkuta Mama mlangoni, amekaza mdomo.

Familia haikuamua lolote. Mimi ndiye niliyewafunga midomo.

Barabara ilikuwa imejaa magodoro, mbuzi, wanajeshi waliotupa sare zao. Tulienda polepole kwa ajili ya magoti yake. Hatujafika hata kwenye ziwa la Lac Vert, nikasimama. Nilimwegemeza kwenye ukuta wa mawe kando ya njia, nikamwonyesha kwa mikono, kama siku ya picha: simama hapa, usiondoke mpaka nikuguse bega. Alielewa. Alikaza mdomo hata nikacheka. Kisha nikapanda pikipiki ya kijana mmoja aliyekuwa anarudi mjini.

Waliokuwepo walinieleza baadaye. Mabomu yalipoanza kuanguka karibu, watu walilala chini, wengine wakakimbilia kwenye migomba. Mwanamke mmoja alimvuta mkono. "Mama, tukimbie, unangojea nini?" Nsimire, mama yako, alijitoa kwa upole. Pengine alisoma midomo, sijui. Alijibu kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia: "Bwana yangu alisema nimungojee hapa."

Niliporudi nilimkuta ameketi chini ya ukuta. Nilimgusa bega.

Niliisingizia kamera yako kwa sababu nilitaka kosa liwe lake. Exaucée akakosa kazi kwa ajili yangu. Mnunulie. Inafaa.

Umeuliza nilikuwa wapi. Siku ya mazishi niliwaambia watu nilirudi kuchukua dawa zake. Haikuwa dawa. Nilirudi kuchukua kamera. Nilikuwa nimekuahidi picha za Mama kabla ya Krismasi, na niliogopa wezi wangeivunja nyumba. Nilitafuta kabatini, chini ya godoro, hata ndani ya masufuria. Nilipindua nyumba yote nikisikia mabomu upande wa Sake, na bado nikaendelea kutafuta.

Nilipoinama kumbeba Mama, kitu kilinigonga kifuani. Kamera ilikuwa mfukoni mwa shati langu, chini ya koti, tangu asubuhi.

Papa yako