Usiikubali Tikiti ya Ami Yako

Mpendwa binti yangu Thuraya,

Salamu zangu zikufikie huko Meksiko, wewe na wenzio unaosoma nao. Sisi hapa Ibra, Oman, wazima, alhamdulillahi. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua lakini hajaacha kwenda shambani kutazama mitende yake. Bibi yako anakusalimu, kila asubuhi anauliza kama na huko kumekucha. Kaka yako Nasir anakusalimu. Mkewe Shamsa anakusalimu sana, na mtoto wao keshaota meno, anamng'ata kila anayembeba. Ami yako Hamed naye anakusalimu, ingawa amenuna, na kwa ajili yake ndiyo nimekaa kuandika.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu wananikatiza. Shamsa ataipiga picha barua hii aitie kwenye kundi letu la ukoo, waisome wote. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne la Tabora. Atakayecheka na acheke.

Ile picha uliyotuma ya safari yenu ya miguu, mmebeba mabegi, wanawake na wanaume wa skuli yenu ya Kihispania, na nyuma yenu kile kijiji cha mlimani ambacho gari haifiki, Ami yako kaiona. Alikuja baada ya alasiri, hata kahawa hakungoja.

"Mama Nasir, msichana wetu kalala mlimani kwa watu tusiowajua?"

Nikamwambia, "Kalala kwa bibi mmoja na wajukuu zake wa kike, chumba chao peke yao. Kaniambia mwenyewe."

"Na huyo bibi ni wa ukoo gani?"

"Mpigie umuulize, kama unajua Kihispania."

Baba yako akageuzia uso ukutani. Najua alikuwa anacheka.

Ami hakucheka. Kasema atakukatia tikiti urudi kabla masomo hayajesha, na huko mlimani usipande tena. Nawe ukasikia, ukaniandikia: "Mama, kama wanakusumbua kwa ajili yangu, nitarudi." Maneno hayo yameniuma kuliko ya Ami yako.

Mwanangu, unaikumbuka ile safari yetu ya taazia, alipokufa shangazi yake baba yako kule mlimani? Ulikuwa bado hujaanza skuli. Siku hizo barabara ilikuwa inaishia bondeni, tunashuka gari, tunapanda kwa miguu. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma na vyungu vyetu. Nilikubeba kidogo tu, ukanipiga bega ukasema, "Nishushe, nina miguu." Bibi yako alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

Ikanyesha. Wadi, lile bonde la mto mkavu, likajaa maji, hakuna wa kushuka. Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa watu, ikabidi wanawake tugawanywe kwa majirani. Mimi na wewe tukapelekwa kwa bibi mmoja, hatumjui jina wala kabila. Kiarabu chake cha mlimani sikukishika nusu, na changu yeye hakukishika kabisa. Akakaa na dele lake la kahawa akatutilia. Wewe ulikuwa hujui desturi, ukimaliza unamrudishia finjani, naye anatia tena. Machozi yakakulenga kwa ule uchungu wa kahawa, lakini unaogopa kukataa. Nikakunong'oneza, "Tikisa finjani, mama, atajua umetosheka." Ukaitikisa kwa nguvu zako zote, kahawa ikamrukia nguoni. Yule bibi alicheka, akakuvutia kwake, na usiku akakufunika blanketi lake mwenyewe.

Sasa namuuliza Ami yako mbele ya ukoo wote. Hamed, si wewe uliyetutangulia na fimbo siku ile? Usiku ule mimi na mwanangu tulilala kwa nani? Wewe ulikuwa nyumba ya juu unakoroma, tulikusikia. Asubuhi ukaja kutuchukua, ukamshukuru yule bibi, ukala na tende zake. Ukoo wake hukumuuliza.

Ndiyo maana, Thuraya, uliponisimulia ya huyo bibi wa Meksiko, nilicheka mpaka Shamsa akatoka jikoni. Kakupa ule uji wao mtamu wa mahindi, wewe ukatikisa kikombe kama nilivyokufunza, naye akadhani unataka zaidi. Akatia. Ukatikisa. Akatia. Mpaka mwenzio akakwambia ufunike kwa kiganja, na wewe tumbo limekuwa ngoma. Nyama yao hukula, wala hakununa, kakukaangia mayai. Kakuonyesha pembe safi ya kusalia. Mwanamke wa namna hiyo simuogopi.

Lakini usidhani siogopi kitu. Usiku ule ulipokuwa huna mtandao nilisali na simu mbele ya mswala. Niliwaza nyoka, niliwaza mvua, niliwaza soli za viatu vyako. Niliogopa vilevile ulipoanza kazi kwenye kambi ya watalii kule jangwani Mintirib, na Ami akasema jangwani hakupatikani mume. Leo wageni wake wakija anakuulizia wewe uwatembeze. Woga ni wangu, nitakaa nao mwenyewe. Sitakupa uubebe huko, na wala sitamuachia mtu autumie kukurudisha nyumbani.

Mimi nilitolewa skuli tukaja Oman, nikaambiwa hayo niliyosoma yanatosha. Wakubwa walikaa barazani wakaamua, na mimi nikaosha vikombe vyao. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo safari hii naamua mimi, niliyekuzaa, na baba yako kakubali, kasema niandike kwamba kakubali.

Sikuiti. Ami akikukatia tikiti mwambie ahsante, aitumie yeye akatembee. Masomo yako umalize. Na kwa kuwa huyo bibi kakualika tena harusi ya mjukuu wake, nenda, upande na wenzio, usitangulie peke yako. Ile kanga mpya niliyokutilia chini ya begi mpelekee. Mwambie imetoka kwa mama yake msichana wa uji.

Ukiisoma hii nijibu upesi, kabla Ami hajaja kesho baada ya alasiri. Jibu kwenye kundi, waone wote, uandike kwamba unabaki. Kisha niandikie mimi peke yangu siku mtakayopanda, nijue usiku gani sitalala.

Ni mimi mama yako, nikuombeaye kila sala.