Matairi Mapana ya Nyuma

Mtaa wa San Benito,
Potosí,
18 Agosti 2016.

Mpendwa kaka Gualberto,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii unayoijua. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi Celinda na watoto wazima? Siku ile ulipokohoa kwenye simu, Mama hakulala, akawa ananiuliza kama huko Bergamo mna blanketi za kutosha. Sisi tu wazima kwa kiasi. Midomo imepasuka kwa upepo, na maji yanaganda bombani mpaka jua lipande.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Chumba changu ni kimoja, kaka, na Mama nalala naye kitanda kimoja. Nikikupigia anasikia kila neno, hata yale unayosema wewe. Kwa hiyo nimeandika, na Jacinta wa jirani, anayekuja huko kutunza wazee, atakuletea mkononi.

Juzi ulisema Wálter ameliua gari lako. Ni kweli, limekufa. Liko hapa uani na kuku wa mwenye nyumba wanalala chini yake. Lakini hukuwepo, nami nilikuwepo, na sitaki umhukumu mdogo wetu kwa kusikia nusu.

Uliliacha na matairi ya kawaida. Mwezi wa Juni Wálter alipata rimu mbili pana kule Oruro na matairi yake, akayafunga nyuma tu. Mbele akaacha yale yako membamba. Ukilitazama kwa nyuma lilikaa kama fahali anayetaka kupiga. Alilipenda, kaka! Kila Jumapili alilisugua mpaka unaweza kujiona.

Basi, madaktari wa macho walikuja Potosí kwa wiki moja, na siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Mtoto wa jicho amemfunika Mama macho yote mawili, sasa anajua mchana na usiku tu. Nilimwandikisha, nikapanda basi kwenda kijijini kumchukua, maana wakati huo alikuwa bado anaishi na Wálter. Nilipofika tu, wakulima wakagoma, wakaziba barabara kwa mawe. Mabasi yakasimama. Ijumaa asubuhi Wálter akasema atatupeleka yeye.

Kwenye kizuizi cha kwanza walikuwa watu wa kwetu. Fortunato, yule uliyesoma naye, akalizunguka gari akicheka.

"Wálter, mbele umelivisha ndala, nyuma mabuti! Linakwenda harusini au shambani?"

"Ndio mtindo, kaka. Wenye magari ya mbio wanafunga hivi."

"Mbio gani na barabara tumeifunga?"

Wote wakaangua kicheko. Ila walipomwona Mama na macho yake, wakatuondolea mawe tukapita.

Tulipoanza kupanda milima Mama akasema kutoka kiti cha nyuma, "Hili gari linabana. Kila kona linajivuta kama punda asiyetaka kuvuka mto."

"Ni lami tu, Mama," Wálter akajibu.

Haikuwa lami. Ikaja harufu ya oili iliyoungua, kisha moshi chini ya miguu yetu, kisha gari likasimama lenyewe kwenye kona. Wálter akapiga jeki gurudumu moja la nyuma. Lilipoachana na ardhi likazunguka lenyewe kwa nguvu, krrr, kama kamba iliyokuwa imesokotwa. Tukaenda kidogo, likabana tena. Akarudia hivyo mpaka vidole vikamtoka damu. Mwisho likagoma kabisa.

Kaka, sijui nikueleze vipi. Mbele kuna kizuizi, nyuma kuna kizuizi, katikati sisi watatu ndani ya bati. Hakuna gari litakalopita, kwa sababu hakuna linaloruhusiwa kupita. Simu haishiki. Upepo unalisukuma gari ubavuni. Mama hawezi kutembea kwenye mawe yale asiyoyaona, na hatuwezi kumwacha. Nilihesabu moyoni saa zilizobaki mpaka madaktari wafunge mizigo, hasira ikanipanda.

"Kwa nini ulichezea gari la watu?" nikamwambia.

"La watu!" Akapiga usukani. "Kila kitu ni cha watu! Nyumba ya Mama, gari la Gualberto, llama wa mjomba. Yeye ana Italia, wewe una Potosí yako, mimi nina nini? Miaka yote hii nampikia, namwogesha, namshika mkono kwenda chooni. Nikienda Oruro lazima nirudi kabla giza halijaingia. Matairi mawili tu, dada! Ndicho kitu pekee nilichochagua mwenyewe!"

Mama alikuwa nyuma yetu, blanketi limefika kidevuni. Tulijisahau kana kwamba asiyeona hasikii.

"Wálter," akaita.

"Naam, Mama."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Nani angebaki na wewe?"

Akalivuta blanketi mpaka usoni. Giza likaingia. Tulitafuna majani ya coca na viazi vikavu, nikalala nimemkumbatia Mama, nikisikia moyo wake unavyokwenda mbio. Wálter akatoka kwenda kutafuta msaada kwenye kizuizi cha mbele, kwa miguu.

Alirudi alfajiri na dereva wa lori aliyezuiliwa huko, anaitwa Hilarión, na mfuko wa spana. Yule baba alichuchumaa, akatazama tairi la mbele, akatazama la nyuma.

"Bwana mdogo, upana si kosa," akasema. "Ungefunga mapana yenye kimo sawa na ya mbele, ungekwenda mpaka uchoke. Haya ni marefu kuliko yale. Tairi refu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi. Na gari hili mbele na nyuma vimefungwa pamoja, basi vinavutana kutwa nzima, na difu ya katikati, zile giya zinazogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayoumia. Sasa imeungua, imeshikana."

"Aliyeniuzia alisema yataingia."

"Si yameingia?"

Wakalala chini ya gari, wakaifungua propela ya nyuma, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, wakaitoa, tundu lililobaki wakaliziba kwa mfuko wa plastiki na mpira. Tukaondoka tunavutwa na magurudumu ya mbele peke yake, polepole, oili ikidondoka. Kwenye kizuizi cha pili Hilarión alikuwa ametuombea njia.

Tulifika Jumamosi jua limeshapinda. Uani hospitalini mtu alikuwa anafagia na viti vimepangwa juu ya vingine. Madaktari walikuwa wameondoka. Watarudi Novemba.

"Tumefika?" Mama akauliza.

"Tumefika, Mama."

"Mbona kimya?"

Siku iliyofuata akamwita Wálter, akamwambia asirudi nyumbani, yeye atakaa na mimi. Wálter akakataa, akalia kama mtoto. Mama akagoma kula chochote kutoka mkononi mwake mpaka aondoke. Siku ya tatu mdogo wetu alipanda basi la Iquique, huko Chile, na sasa amepata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Alinikabidhi ufunguo wa gari bila kunitazama usoni.

Tangu hapo siendi sokoni kuuza uji wangu wa mahindi, maana alfajiri ndiyo saa Mama anapoamka na kupapasa kutafuta jiko. Niliwahi kutoka mara moja, nikamkuta ameshika sufuria ya moto. Sasa nakaa. Kuta nne, dirisha moja linalotazama ukuta, na Mama ananiomba radhi kila saa. Ninampenda, Mungu anajua. Lakini kuna asubuhi nashika komeo la mlango nasimama hapo, siendi popote.

Kaka, gari lisahau. Usimwandikie Wálter neno kali. Nakuomba jambo moja tu: njoo Novemba, hata kwa mwezi. Zamu yake aliifanya, yangu naifanya.

Nisalimie sana wifi Celinda, na watoto Ariel na Maribel, na binamu Teodosia ukimwona. Mungu akulinde kazini na barabarani, akupe afya ya kurudi.

Mlango ukilia tu, hata kama ni upepo, Mama anageuza uso na kuuliza, "Gualberto?" Namwambia bado.

Mimi dada yako nikupendaye daima,
Eulogia