Uliyeapa kwa Jina la Mama

Bukoba, Jumapili

Dada Ephrasia,

Mkungu wa ndizi uliotuma kutoka Kamachumu umefika. Nimewagawia majirani, mimi sijaonja.

Mwanangu Dastan ametoka hospitali jana. Unakumbuka ulivyomleta kutoka likizo kwako: amekaa ameinama mbele, mate yanamchuruzika, kila pumzi inakoroma. Daktari alikataza asilazwe chali wala asitiwe kijiko mdomoni, akaita watu wa upasuaji. Kisha akakugeukia: "Kuna mtu amemkata kimeo?"

Ukasema hapana. Alipouliza tena, ukaapa kwa jina la marehemu mama. Mimi nikamkaripia daktari, nikamwambia dada yangu hasemi uongo.

Walipomtia usingizi wampitishie mpira wa kupumulia, wakakuta kimeo hakipo na kidonda kimeoza. Daktari alinionyesha kwa kidole chake kooni mwake mwenyewe, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu kikohozi kile cha Pasaka nilikuambia, Dada, mwanangu hapelekwi kwa mzee wa wembe. Ukaitikia. Kwa hiyo wiki nzima pale wodini nilikutetea moyoni. Nilijiambia ni mama mkwe wako aliyempeleka, wewe ukiwa shambani, hukujua.

Jana sauti imemrudia kidogo. Nikamuuliza aliyemkata ni nani.

"Simjui," akasema. "Mama mkubwa alinishika kichwa."

Usitume ndizi tena.

Mdogo wako,
Evelyne