Kamba ya Shingoni mwa Mama

Tandale, Dar es Salaam
10 Juni 2024

Dada Theresia,
Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu. Kikohozi cha baba kimepungua? Kahawa imeiva?

Simu nimeuza, ndiyo maana naandika. Rodrick, dereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, ataifikisha barua Mbinga.

Dada, Hamphrey niliyekuwa natengeneza naye muziki ameuandikisha kwa jina lake ule wimbo wangu wa house, wa kuchezwa disko, wenye sauti ya mama akiimba huku anachuma kahawa. Miaka kumi na miwili ya kazi, leo kwenye kumbi wananiuliza mimi nani. Kompyuta yangu iliibwa. Tarehe 22 Julai nipo mahakamani, wanataka sauti ya mama kama nilivyoirekodi, kabla ya kuichanganya. Imebaki kwenye flashi nyekundu niliyompa mama anitunzie. Itafute, nakusihi.

Mdogo wako,
Polikarpo

Namswea
21 Juni 2024

Mdogo wangu Poli,
Marahaba. Baba anakohoa vilevile, kahawa tunachuma.

Flashi ile mama aliifunga kamba moja na medali yake ya Bikira Maria, akaivaa miaka yote. Akiulizwa, anasema, "Huyu ni Poli wangu." Siku tulipomwosha, shangazi aliuliza kama kamba ivuliwe. Mimi nikasema iachwe, ni mambo ya kanisa. Amezikwa nayo. Ungekuwapo ungetuambia, lakini wewe ulikuwa unapiga muziki Zanzibar.

Nisamehe. Mimi wewe sijakusamehe bado.

Dada yako,
Theresia

Tandale
30 Juni 2024

Dada,
Shikamoo. Habari za nyumbani naona aibu kuziuliza kwa hili ninaloomba.

Mfukueni. Miaka mitatu udongoni, huenda flashi bado nzima. Bila hiyo ni kama sikuwahi kufanya kazi yoyote duniani. Niombee kwa baba.

Mdogo wako

Namswea
8 Julai 2024

Poli,
Marahaba. Baba siku mbili hata uji hakunywa. Jana akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Amekubali, ila jembe la kwanza upige wewe. Amelipeleka mwenyewe kaburini, ameliegemeza msalabani. Njoo.

Dada yako

Stendi ya Mbinga
18 Julai 2024

Dada Theresia,
Shikamoo. Nimekuja na nimeondoka. Msalimie baba, najua atakasirika.

Asubuhi nilifika kaburini nikalishika jembe. Ng'ambo ya kijito mlikuwa mnachuma, mkaanza ule wimbo wa mama. Ubeti wa pili mkanyamaza wote, mapigo manne, halafu mkaingia pamoja. Mama hakuwahi kunyamaza pale. Pale sauti yake niliikata mimi kwenye kompyuta, chumbani Tandale, Hamphrey amelala, na sasa mnauimba kama nilivyoutengeneza. Hata wewe, dada, nilikusikia ukingoja.

Nililia sana. Jembe sikuweza kulinyanyua.

Jumatatu nitasimama mahakamani mikono mitupu, na nitashindwa. Naogopa, dada, sijui nitakuwa nani baada ya hapo. Lakini mama mwachieni kamba yake. Jembe nimelilaza nyuma ya msalaba, baba alichukue lisipate kutu.

Poli wa mama