Tashibihi za Mchuuzi wa Farasi

Jumatatu, 5 Juni

Orodha ya maswali ya mtihani wa mdomo imetoka! Nimeisoma nimesimama kati ya mashine mbili za kufulia, mikono bado ina sabuni. Mashairi ya vita hayamo. Afueni. Maswali kumi na mawili, na manne kati yake ni ya ile riwaya ya mchuuzi wa farasi, ambayo nimeisoma hadi jalada limeachana na karatasi.

Mwaka jana nilifeli kwa sababu ya kuhesabu. Nilikaa mbele ya meza yenye kitambaa cha kijani, nikataja tashibihi kumi na saba na sitiari tano, nimezipanga vizuri kama taulo za wodini. Mtahini wa nje alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: haya, na mtu mwenyewe yuko wapi? Nikaanza kuzihesabu upya.

Safari hii nikifeli, nafasi ya chuo cha uuguzi imekwenda. Wameandika wazi kwamba hawataishikilia zaidi ya Agosti. Nina miaka arobaini na saba. Sitaki kufua shuka za wagonjwa maisha yangu yote, nataka kukaa na wagonjwa wenyewe.

Jumatano, 7 Juni

Darasa la mwisho. Sidsel alikuja na keki aliyooka mwenyewe, imeungua chini, tukaila yote. Mwalimu mzuri, Sidsel. Kijana, mtu wa Copenhagen, anasoma kwa sauti mpaka unasahau kahawa yako.

Leo ilikuwa zamu ya Laust, yaani huyo mchuuzi. Sidsel anasema tusiangalie Laust anasema nini, tuangalie anafananisha na nini. Kasisi wa kijiji ana moyo wa dhahabu. Shemeji yake ana sauti ya asali. Lakini mkewe, Johanne? Farasi jike mzee, mwendo mzito, mguu wa nyuma una kasoro. Tena anayasema hayo mbele ya mgeni, yule tajiri mwenye mashamba! Kwa Sidsel hapo ndipo Laust anajivua nguo: mke wake ni mfugo tu, na tashibihi zake ni mjeledi. Johanne anageukia jiko, mabega yanamtikisika. Analia, akasema Sidsel, na neno hilo akaliandika kwa penseli pembeni mwa kitabu chake.

Nimeandika pembeni, kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: DHARAU. Sasa nina jibu. Mtu mwenyewe nimempata. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 10 Juni

Kwa Baba, kwenye makao ya wazee. Viazi vipya na samaki. Baba ana miaka themanini na minne na bado anakagua miguu ya wauguzi wakipita, kuona nani anachechemea. Miaka arobaini aliuza farasi. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo lina uhusiano wowote na mtihani wangu! Nilimsomea ule ukurasa wa tajiri kwa kukosa la kuzungumza.

Akacheka mpaka nikampa maji.

Nikamuuliza kinachochekesha ni nini, mwanamke anadhalilishwa mbele ya watu. Akaniuliza huyo tajiri alikuwa anamtazamaje mke wa mwenzake. Nikarudi kwenye kitabu. Kweli, tajiri amekaa mezani mwao kutwa nzima, anasifu mikono ya Johanne, anasifu mkate wake, anauliza kama kijiji hakimchoshi.

"Sasa mwanangu," akasema Baba, "farasi unayetaka aondoke, unamsifu. Yule unayetaka abaki nyumbani, unamponda mbele ya mnunuzi mpaka mnunuzi ajiondokee mwenyewe. Huyo mwanamke hauzwi. Mbona hata mimi mama yako nilimwita kiwete miaka yote?"

Nikamwambia Mama hakuwa kiwete. Akasema ndiyo hivyo.

Nimerudi kwa baiskeli dhidi ya upepo na sikuuhisi.

Jumapili, 11 Juni

Nimehesabu tena — siwezi kuacha! Lakini safari hii nimeandika nani anasifiwa, kisha nini kinampata. Kasisi mwenye moyo wa dhahabu: Laust anaandika barua ya kumpendekeza ahamishiwe parokia ya mbali. Shemeji mwenye sauti ya asali: Laust anamsindikiza hadi kwenye meli ya Amerika. Karani wa wilaya, "mnyoofu kama mshumaa": sura mbili baadaye hayupo. Kila anayepakwa dhahabu anaondoka. Johanne peke yake Laust hamsifu popote, na kitabu kinapoisha bado yuko nyumbani.

Nilisimama jikoni nikasema kwa sauti, Laust, mjanja wewe.

Jumatatu, 12 Juni

Nilitaka kumpigia Sidsel simu. Nikashika simu, nikaiweka. Nikaishika tena.

Nitamwambia nini? Kwamba amesoma chuo kikuu miaka sita na baba yangu amesoma meno ya farasi, na Baba ndiye aliyeona? Huku kwetu mtu hajitangazi hivyo. Bettina, rafiki yangu wa darasani, ana mtihani siku moja na mimi. Anasema nisiwe mjinga, niseme la mwalimu, nichukue alama zangu, niende zangu chuoni. Anasema kweli. Kwa la Sidsel nafaulu, hilo nina uhakika.

Naogopa. Basi.

Jumatano, 14 Juni

Naandika kwenye korido, kiti cha mwisho karibu na mlango. Nimeshatoka. Sidsel na mtahini wako ndani wanajadili alama.

Nianze mwanzo. Vikaratasi vya maswali vilikuwa juu ya kitambaa cha kijani, vimefunikwa. Nikachukua kimoja. Namba nne: ziara ya tajiri! Katika saa ya kujiandaa niliandika karatasi mbili, ya Sidsel na ya Baba. Nikaingia na zote mbili.

Mtahini wa nje safari hii ni mzee mmoja mrefu, Torkild, ndevu fupi, uso hausemi kitu. Nikaanza na karatasi ya Sidsel. Mfugo. Mjeledi. Nikaisikia sauti yangu inapanga taulo. Sidsel alikuwa ananitikisia kichwa kunitia moyo, na hilo ndilo lililonishinda.

Nikasema, "Samahani. Siamini haya ninayoyasema."

Sidsel akaweka kikombe chini. Nikaichukua karatasi ya pili. Nikawaeleza jinsi mchuuzi anavyomponda farasi asiyetaka kumuuza, kisha nikawaonyesha kasisi, shemeji, karani, ukurasa kwa ukurasa. Nikasema Laust ana hofu. Hana maneno ya mapenzi, ana maneno ya sokoni tu, na kwa hayo hayo amejenga ua kuzunguka nyumba yake.

Torkild akaandika kitu, mara ya kwanza tangu niingie. Sidsel hakuandika. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza, "Na Johanne je? Yeye anajua? Si analia pale jikoni?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikafungua kitabu, nikasoma mstari kwa kidole. Halafu nikausoma tena, polepole, maana sikuamini.

"Kitabu hakisemi analia," nikasema. "Kinasema mabega yanatikisika. Nadhani anacheka."

Torkild akatazama saa. Muda ukaisha, wakaniomba nitoke.

Na sasa hivi, hapa kwenye kiti hiki, sina hofu hata kidogo. Ajabu. Alama sijui. Chuo sijui. Lakini mwaka jana nilitoka mlango huu nikiwa mtupu, na leo kuna watu wawili nimewaacha ndani, Laust na mkewe, wazima. Bettina amekaa mbele yangu na vibendera vyake vidogo vya kumpongezea anayefaulu, anasubiri kujua avipeperushe au avifiche. Ananiuliza naandika nini.

Dakika tano zimepita. Kwa kawaida hawachukui hivyo. Nasikia sauti ya Sidsel, ya Torkild, ya Sidsel tena.

Mlango umefunguka. Ni Sidsel. Bettina amesimama. Sidsel hasemi alama, hata hatutazami vizuri. Kitabu chake kimefunguliwa kwenye mkono mmoja, mkono mwingine una raba. Anauliza yale mabega yako ukurasa gani.

Nimemwambia mia na kumi na mbili. Torkild yuko nyuma yake, ananiashiria niingie, lakini siwezi kupita. Sidsel bado amesimama mlangoni, anafuta lile neno lake la penseli.